Malazi ya Upande wa Mikoche

Bibi yangu, mama mzaa baba, hakuwahi kusema kwamba mama yake alikufa. Alisema amelala. Ukimuuliza wapi, alinyoosha mkono kuelekea ziwani na kujibu, "Kwenye malazi, upande wa mikoche." Nilikua nikilisikia neno hilo kama mtoto anavyosikia jina la kisima au la shamba, bila kulifikiria. Nimelifikiria baadaye. Sasa umri wangu umepita ule aliofikia yeye, na bado sijatulia. Nikikaa barazani baada ya swala ya alasiri, huinuka kabla kahawa haijapoa, nikaenda mpaka njiapanda, nikarudi. Nyumbani wanadhani ni miguu inanisumbua. Si miguu.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu kosa langu limo ndani yake.

Sisi si watu wa bonde hili la Rufiji kwa asili. Wazee wetu walishuka kutoka vilima vya Umatumbi wakati wa vita vya Maji Maji. Baba yake bibi alinyunyiziwa maji ya dawa pamoja na wanaume wenzake, akaondoka nao, na habari zake zikaishia hapo. Kisha wakaja askari wa Wajerumani wakichoma nyumba na maghala ya mtama, na nyuma yao ikaja njaa. Mama yake bibi alimbeba mtoto mchanga mgongoni, akamshika bibi mkono, na pamoja na kaka yake, yaani mjomba wa bibi, wakaelekea kaskazini. Walivushwa Mto Rufiji na mtu ambaye hawakumjua, wakafika kwenye ziwa moja lililozungukwa na matete, upande wa huku Kibiti. Hapo wakajificha pamoja na wengine waliowakuta. Walikula mizizi ya yungiyungi. Bibi alikuwa na umri wa kung'oka meno ya utoto.

Mtoto mchanga alikufa kwanza, mama akamfuata kesho yake. Mjomba hakuwa na jembe, walikuwa wamelibadilisha kwa unga njiani. Hata angekuwa nalo, aliogopa mlio wa kuchimba usije ukasikika. Akawalaza mama na mtoto chini ya mikoche, ile miti kama minazi ya porini, akawafunika kwa majani, akamwambia bibi, "Mwache mama yako alale. Tutarudi kumzika." Mjomba naye hakumaliza mwaka.

Ndiyo maana kwetu kaburi ni kitu kimoja na malazi ni kingine. Kaburi limechimbwa, na aliyemo ameoshwa, kavishwa sanda, kasomewa. Malazi ni pale mtu alipolazwa, akaachwa na ahadi. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli bibi alisuka jamvi jipya la miyaa, akalipeleka kule akalitandika juu ya majani. "Ardhi ina baridi," alisema. Mchwa walilila, mvua zikaleta udongo juu ya mabaki, na mwaka uliofuata akasuka jingine.

Nilipokuwa sekondari nilikuja likizo na Kiswahili cha vitabuni, na nikawa hodari wa kusahihisha watu. Nikamwambia, "Bibi, malazi ni mahali pa kulala wageni. Au vitu vya kulalia, godoro na shuka."

"Na mimi nimesema nini, mume wangu?" akajibu. Aliniita mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Jamvi si kitu cha kulalia?"

Nikacheka. Lakini nilielewa vizuri sana alichokuwa akisema. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu baadaye nilijifanya sikuelewa.

Miaka michache baada ya Uhuru ulikuja mpango wa kuligeuza ziwa kuwa bustani ya watu wote. Mpaka wakati huo ziwa lilikuwa pori. Wavuvi wawili watatu walitega migono ya kambale ukingoni, lakini watu wengine walilikwepa kwa ajili ya viboko na mamba. Sasa iliamuliwa kwamba itachongwa njia ya kulizunguka, vitawekwa viti, zitajengwa kingo mahali pa kutazamia viboko na ndege, na nyumba ndogo ya kulala wageni, maana barabara ya kusini ilikuwa mbaya na aliyetoka Dar es Salaam asingeweza kwenda na kurudi siku moja.

Aliyeletwa kuisimamia kazi alikuwa bwana miti, afisa wa misitu, mtu wa bara, mrefu, mchangamfu, asiyevua kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Nilimpenda. Alijua ndege kwa milio yao, na alikuwa na imani ya kweli kwamba mtu wa kawaida, mkulima au karani, anastahili mahali pa kukaa na kutazama maji bila kuulizwa ana shughuli gani hapo. "Watu wa Dar es Salaam wana bahari," alikuwa akisema, "lakini bahari haina kiboko." Alinichukua niwe karani wake kwa sababu kijijini petu ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemaliza sekondari. Akaniambia wazi kwamba bustani ikifunguliwa atanipendekeza niwe msimamizi wake. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mingi nikitazamwa na watu kama jembe jipya lisilolima. Nafasi ile niliitaka mpaka ikaninyima usingizi.

Tulianza kwa kupiga vigingi vyeupe kuzunguka eneo lote. Kisha ikaja fomu ya kujaza kila kilichomo ndani ya vigingi: mashamba, minazi na mikorosho, visima, makaburi, malazi ya wavuvi na ya watu wengine. Tukiwa njiani kwenda kwa wazee kuwauliza, bwana miti aliniambia, "Omba Mungu tusikute kaburi. Mashamba tunayamaliza wenyewe hapa. Kaburi likiwemo, hata moja, karatasi zote zinakwenda makao makuu, na huko zinaweza kulala mvua mbili au tatu."

Mvua mbili au tatu. Nilitembea nikiyarudia maneno hayo kichwani mpaka tukafika nyumbani kwetu.

Bibi alikuwa uani akipepeta mpunga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na mgeni alimfurahisha.

"Shikamoo, bibi," bwana miti akasema.

"Marahaba, baba. Karibu. Huyu uliyekuja naye ni mume wangu, kasoma mpaka kasahau kulima. Mkifika huko kwenu mwoze mke mwingine, mimi nimechoka kumpikia."

"Nitamtafutia," bwana miti akasema akicheka. "Bibi, tunataka kujua. Kule ziwani, ndani ya vigingi, kuna makaburi?"

Bibi akaacha kupepeta. "Makaburi hakuna, baba. Makaburi yetu yako hapa nyuma ya msikiti. Kule kuna malazi."

"Malazi ya wavuvi?"

"Malazi ya watu wangu. Upande wa mikoche. Msipaguse."

"Hatuna haja ya kumfukuza mtu, bibi," bwana miti akasema kwa upole. "Malazi tutayatengeneza yawe mazuri zaidi." Akanigeukia. "Andika."

Bibi akanitazama. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kukabidhi mzigo wake kwa mwenye nguvu. Mjukuu wake ndiye aliyeshika kalamu, basi alikuwa na wasiwasi gani? Nami nikaandika. Makaburi: hakuna. Malazi: yapo, upande wa mikoche. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Ningeweza kusema, "Bwana, subiri, kwetu neno hili lina maana nyingine." Ni sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliimeza pamoja na mate, nikapiga mstari chini ya fomu.

Kesho yake tulikwenda kupakagua. Bwana miti aliona vipande vya majamvi chini ya mikoche, vingine vikuukuu vilivyoliwa na mchwa, na kimoja bado kizima. Akavigeuza kwa fimbo. "Kweli wanalala hapa," akasema. "Wenyeji wana akili. Pana kivuli, pana upepo, na viboko hawapandi huku." Ramani iliporudi, mraba wa nyumba ya wageni ulikuwa umechorwa papo hapo. Juu yake pameandikwa kwa herufi nzuri: Nyumba ya Malazi.

Tangu siku ile sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikwenda ziwani asubuhi kabla ya vibarua, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri bila sababu, nikaenda tena. Vibarua walifyeka matete, wakachonga njia, wakapanga magogo ya kukalia. Viboko, ambao njia ile waliijua kabla yetu, walipanda usiku wakayasukumia magogo majini. Asubuhi vibarua waliyavuta tena juu, wakitaniana kwamba kiboko ni mwananchi naye, ana haki ya kukalia kiti chake. Bwana miti alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nilicheka nikitazama vigingi vya upande wa mikoche.

Mara tatu nilidhamiria kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta anaandika barua ya kunipendekeza, akaniuliza herufi za jina la shule yangu. Mara ya pili alikuwa na homa. Mara ya tatu hapakuwa na kizuizi chochote. Alikuwa amekaa peke yake akila muhogo wa kuchoma, akanikatia kipande. Nikala, nikashukuru, nikaondoka.

Halafu nikafanya jambo la kijinga. Siku moja mchana, vibarua walipokuwa wamekwenda kula, niling'oa vigingi vinne vya nyumba ile nikavisogeza hatua thelathini kuelekea kwenye mikwaju. Jioni bwana miti aliviona akavirudisha akifuata ramani. "Viboko hawa wanataka kunifundisha kupima," akasema. Nilisimama pale nimeshika ncha ya kamba yake ya kupimia, nikaivuta iwe sawa alipoagiza.

Bibi hakuwa na habari. Aliamini kwamba ameshasema na yameshaandikwa. Alikuwa akiniuliza, "Kazi inakwendaje, mume wangu?" na mimi nikajibu inakwenda. Akaanza hata kuisifia bustani kwa majirani, kwamba sasa mtu ataweza kwenda kwenye malazi kwa njia pana, bila kuchanwa na miiba.

Walianza kuchimba msingi siku ya Jumatatu. Fundi alikuwa mtu wa kijiji chetu, na mwenzake alitoka Salale. Mkoche una mizizi migumu, kwa hiyo walikwenda polepole, na karibu na adhuhuri fundi akachota udongo kwa koleo, akaona kitu, akalilaza koleo chini bila kulitupa. Nilikuwa karibu. Ilikuwa mifupa ya mkono, myembamba, na juu yake bangili ya shaba iliyoota kutu ya kijani. Kando yake kulikuwa na mifupa midogo sana, iliyokaa pamoja.

Fundi akatoka shimoni. "Wewe ulijua?" akaniuliza.

Akaenda majini akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi, akakaa mbali nami. Yule wa Salale akauliza kama arudishie udongo. Fundi akasema, "Udongo haurudishiki. Mwiteni mwenyewe."

Bibi alikuja akitembea haraka, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni. Bwana miti alikuwa amekwishafika, uso umemshuka, anarudia kwamba fomu ilisema hakuna. Bibi hakumsikiliza. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akatazama bangili kwa muda mrefu.

"Ndogo hivi," akasema. "Mimi nikimkumbuka namwona mtu mkubwa."

Hakulia. Alimuuliza mwalimu wa madrasa, aliyekuja na watu wengine, nini cha kufanya. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa wameshafunuliwa, haifai kuwalaza tena walivyokuwa. Watavishwa sanda na kupelekwa nyuma ya msikiti. Kuhusu kuwasalia, mama yule hakuwa amesilimu, wala hapakuwa na shahidi wa dini yake, lakini tutamwombea Mungu, na Mungu anajua walio wake. Bibi akaitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeivua bangili na kuikusanya mifupa kwenye sanda, mkubwa na mdogo mahali pamoja. Alikataa kusaidiwa.

Kwa hiyo baada ya miaka yote ile mtu alikuja kuzika kweli, na mtu huyo alikuwa yeye. Watu wengine waliona ni heri. Hata bwana miti aliniambia hivyo tukirudi, kwamba huenda imekuwa heri, kwamba mwanamke yule sasa ana kaburi. Lakini mimi niliishi nyumba moja na bibi. Msimu wa vuli ulipokaribia hakusuka jamvi. Miyaa aliyokuwa ameianika ilikaa juani mpaka ikakatika. Siku moja jirani alimuuliza habari za mama yake, kwa mazoea tu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema, "Alikufa. Alikufa zamani, wakati wa vita."

Nyumba ilijengwa karibu na mikwaju, mahali pale pale nilipokuwa nimesogezea vigingi. Karatasi zilisahihishwa hapo hapo, hazikwenda popote, wala hazikungoja mvua hata moja. Kuhamisha nyumba ile kwenye ramani kulichukua asubuhi moja.

Siku chache baada ya mazishi, bibi aliniita uani.

"Ile karatasi unayo?"

"Ninayo nakala."

"Nisomee palipo na maneno yangu."

Nikaileta. Nikasoma: Makaburi, hakuna. Malazi, yapo, upande wa mikoche.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

Akasema, "Ndivyo nilivyosema. Hukukosea hata neno." Akashika shavu. "Na wewe uliniambia tangu ukiwa shule. Uliniambia malazi ni ya wageni, mimi nikakufanyia mzaha. Kumbe nimemfukua mama yangu kwa mdomo wangu."

Hapo ndipo ningesema. Bwana miti hakuwepo, kazi ya usimamizi nilikuwa nimekwishapewa, na barua ilikuwa sandukuni. Sikuwa na cha kupoteza isipokuwa jinsi alivyonitazama. Nilisema, "Si kosa lako, bibi." Akanishukuru. Alidhani ninamfariji.

Bustani ilifunguliwa, na mimi nikawa msimamizi wake kwa miaka mingi. Sitasema ilikuwa mbaya, maana nitakuwa nimeongeza uongo. Watoto wa shule walikuja na walimu wao, wakahesabu viboko wakabishana hesabu. Wazee waliokuwa wakiliogopa ziwa walikaa kwenye viti wakatazama yungiyungi zikifunguka. Niliona waliotoka kuoana wakiizunguka njia ile wakiwa wameshikana vidole, na hapa kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Nilizoa majani, nilipaka chokaa mawe, niliwakemea waliomtupia mamba mawe. Upande wa mikoche niliupita kila siku, kwa kasi zaidi kuliko sehemu nyingine. Bibi hakukanyaga bustanini hata mara moja.

Alibadilika. Yule mtu wa maneno mengi alianza kuyapima maneno yake. Akiwa na majirani alisema kitu, akasita, akanigeukia, "Ndivyo linavyosemwa?" Alipokuja mgeni wa ofisi yoyote, hata mtu wa kuhesabu minazi, aliingia ndani akaniachia mlango. "Sema wewe," aliniambia. "Mimi maneno yangu huharibu." Aliacha kuniita mume wake. Sijui kama aliacha kwa makusudi au neno hilo nalo alianza kulitilia shaka.

Mwaka wake wa mwisho aliugua kifua, nikampeleka hospitali ya Utete. Tulipata nafasi kwenye lori mpaka kivukoni, tukavuka, tukakaa kwenye foleni tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika, mganga kijana alivuta karatasi, akatabasamu, akamuuliza yeye moja kwa moja, kwa heshima, "Bibi, unajisikiaje? Niambie mwenyewe."

Bibi alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta neno, akalipata, akalitazama, akaliacha. Akanishika mkono wa shati.

"Mwambie," akaninong'oneza.

"Nimwambie nini, bibi?"

"Wewe unajua kuandika. Mwambie unavyoona."

Mganga akangoja, kalamu mkononi. Basi nikasema. Nilisema kifua kinambana, hasa akilala, na kwamba kikohozi kina siku kumi. Mganga akaandika kila neno langu, na bibi akawa anaitikia kwa kichwa kwa kila nililosema, hata pale ambapo, nina hakika, sivyo alivyokuwa anajisikia.